Mstari wa 31: jinsi ya kujua kama unapunjwa mshahara kwa kuwa mwanamke, na la kufanya ukishajua

Nilikaa kwenye dawati la mishahara miaka kumi na moja, katika hoteli moja ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Kila tarehe 20 nilifungua jedwali la wafanyakazi, nikaingiza siku za kazi, ovataimu, makato na mikopo ya saccos, nikachapa, nikapeleka kwa mhasibu mkuu asaini. Mimi nilikuwa mstari wa 31. Mstari wa 32 alikuwa kijana aliyeajiriwa ukarani kama mimi, miaka minne baada yangu. Nilimfundisha mwenyewe kukokotoa PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, maana alikuja hajui kwamba mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unatolewa kwanza ndipo kodi ihesabiwe. Mshahara wangu wa msingi, yaani kabla ya posho na makato, ulikuwa 540,000. Wake, tangu siku ya kwanza, 620,000.

Kwa hiyo kila mwezi nilichapa ushahidi wa kupunjwa kwangu kwa vidole vyangu, na nikanyamaza miezi kumi na minne. Ukipiga hesabu, 80,000 mara 14 ni 1,120,000. Na hapo hujagusa NSSF: asilimia 20 ya ile 80,000, nusu yangu nusu ya mwajiri, ni 16,000 kila mwezi ambazo hazikuingia kwenye akaunti yangu ya uzeeni. Nyingine 224,000 hizo.

Ninayoandika hapa nimejifunza kwa kukosea na kwa kusaidia wenzangu baadaye nilipochaguliwa mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Yanahusu sekta binafsi ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya 2005, na mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa za utumishi wa umma kabla hajashika njia hii.

Toa karatasi zako zote kwanza

Kabla hujamlaumu mtu, tandika kitandani barua ya ajira, mkataba, maelezo ya kazi, barua zozote za kupandishwa au kuhamishwa, na slipu za mshahara za miezi kumi na miwili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi taarifa za ajira yako: kazi yenyewe, saa, mshahara na namna unavyokokotolewa, pamoja na marupurupu. Kama hukupewa, usidhani umekwisha. Shauri likifika mbele na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalodai unamwangukia yeye. Slipu nayo ni haki yako, si hisani ya mhasibu. Wanaolipwa kwa simu bila karatasi waidai kwa maandishi.

Sasa isome slipu kuanzia juu, usirukie mstari wa mwisho. Wengi wetu tunatazama kinachoingia mkononi tu, tunashusha pumzi, tunakunja. Mwajiri mjanja hakupunji kwenye mshahara wa msingi, kwa sababu huo ndio unaoonekana. Anakupunja kwenye mistari inayofuata.

Nichukue mfano niliouona kwa macho. Msimamizi wa dobi, mama mmoja mwenye watu tisa chini yake, na msimamizi wa bustani, mwanamume mwenye watu wanne. Wote msingi wao 420,000. Wote posho ya usafiri 40,000. Mpaka hapo ungesema hoteli ina haki. Lakini wa bustani alikuwa na posho ya madaraka 60,000 na muda wa maongezi 20,000, kwa maelezo kwamba yeye ni "mkuu wa kitengo". Mama wa dobi alikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya wale, lakini kwenye karatasi aliitwa "mfuaji mwandamizi". Mfuaji hana madaraka, kwa hiyo hana posho ya madaraka.

Kisha ovataimu. Sheria inasema saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Saa ya kawaida unaipata hivi: saa 45 za wiki mara 4.333 ni saa 195 za mwezi. 420,000 gawanya kwa 195 ni shilingi 2,153 na senti zake. Mara moja na nusu ni 3,230 na kitu. Yule bwana alikuwa na saa 20 kila mwezi, yaani 64,615. Mama wa dobi alikuwa na sifuri. Je, alikuwa anatoka mapema? Thubutu! Kundi la watalii likiondoka mchana na jingine likiingia jioni, dobi walikuwa wanapiga pasi mashuka mpaka saa mbili usiku. Ila kwao kulikuwa kunaitwa "kumalizia kazi". Kwa mafundi na watu wa bustani kulikuwa kunaitwa ovataimu, kwa sababu fomu ilikuwa inajazwa jioni ofisini kwa meneja wa ufundi, na pale dobi hakuna aliyekuwa anafika.

Jumla ya yule bwana kabla ya makato: 604,615. Ya mama: 460,000. Msingi uleule.

Kwa hiyo nunua daftari la shule, lile la kurasa 48, uandike kila siku saa uliyoingia, saa uliyotoka na nani alikuagiza ubaki. Yule mama alianza kuandika mwezi Machi. Mwezi Julai lile daftari ndilo lililozungumza. Mimi sikusema kitu.

Linganisha kazi, achana na vyeo

Hapa ndipo wengi wanakwama. Mtu anasema: "Hakuna mwanamume anayefanya kazi yangu, nitajilinganisha na nani?" Dobi wote wanawake, bustani wote wanaume, na ndivyo ilivyo sehemu nyingi. Sheria imeliona hilo. Kifungu cha 7 kinamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha ujira sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye *thamani* sawa. Thamani sawa haimaanishi kazi ileile. Maneno hayo yanatoka kwenye Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002. Katiba nayo, ibara ya 23, inazungumzia ujira unaolingana na kazi bila ubaguzi.

Thamani ya kazi hupimwa kwa mambo manne: ujuzi inaohitaji, juhudi, wajibu na mazingira. Chora safu mbili kwenye karatasi. Tulipochora za dobi na bustani, ilitoka hivi. Ujuzi: bustani wanajua dawa za wadudu na mashine ya kukata nyasi, dobi wanajua kemikali za madoa, vipimo vyake na rola ya kupigia pasi. Juhudi: bustani wanabeba mapipa na kuinama juani, shuka za vyumba viwili zikilowa ni mzigo wa kuita mtu wa pili. Wajibu: ua likifa linapandwa jingine, shuka nyeupe 60 zikiungua klorini, hoteli inanunua upya. Mazingira: jua kwa mmoja, mvuke na joto la rola kwa mwingine. Bwana wa bustani mwenyewe, alipooneshwa ile karatasi, alicheka akasema, "Kule kwenu dobi siendi hata kwa mshahara wa meneja."

Sikatai kwamba tofauti nyingine ni halali. Miaka ya uzoefu, cheti ambacho kazi kweli inakihitaji, malipo ya ufanisi yanayopimwa kwa kipimo kimoja kwa wote, zamu za usiku (saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa, pesa ya soda lakini ni haki). Jipime kwa sababu hizo kwanza, na ujipime kwa ukali. Kama mwenzako ana CPA, cheti cha juu cha uhasibu, na wewe huna, na kazi yake inahitaji CPA, tafuta mtu mwingine wa kujilinganisha naye.

Kuna pengo jingine ambalo barua yako haitaliziba. Kima cha chini kwa sekta binafsi hupangwa kisekta. Katika Amri ya Mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, kima cha migodini kilifika hadi 500,000 na cha dada wa kazi wa nyumba ya kawaida anayelala kwa mwajiri wake kilikuwa 60,000. Viwango vilipanda tena Januari 2026, lakini kule migodini waliojaa ni kina nani, na jikoni kwetu ni kina nani? Hilo linapiganiwa na vyama kwenye bodi za mishahara. Niseme na la aibu: mwaka ule nilipokuwa nalilia 80,000 yangu, dada aliyekuwa ananilelea watoto Tabata nilikuwa namlipa 50,000 na kumwambia chakula anakula bure.

Kupata tarakimu za wenzako

Usiibe. Nasema kama mtu aliyekuwa na funguo. Jedwali lote nilikuwa nalo, na ningeweza kulipiga picha nikalipeleka popote, lakini siri za mishahara nilikuwa nimezisainia. Ningempa mwajiri kosa la nidhamu mkononi, na shauri lingegeuka kuwa langu. Vivyo hivyo kwako ukikuta karatasi kwenye mashine ya kuchapia. Iache.

Uliza. Na ukitaka kuuliza, tangulia wewe kutaja ya kwako. "Mimi msingi wangu laki tano na arobaini, wewe mwenzangu wamekuwekea ngapi?" Wanaume, kwa uzoefu wangu, hutaja upesi kuliko tunavyodhani, wengine hutaja na kuongeza juu kidogo, kwa hiyo omba kuona slipu. Wagumu ni sisi wenyewe. Mwanamke anaficha mshahara wake kwa sababu shemeji akijua kutakuja ada ya mtoto, wenzake wa kikoba wakijua wataona hisa zake ndogo, na mume, basi tena. Siri inayokukinga nyumbani ndiyo inayomkinga mwajiri kazini. Sina dawa ya hilo zaidi ya kusema kwamba kutajiana kwenye kantini, watu wanne, kwa makubaliano kwamba haitoki pale, kunawezekana. Nimekaa kwenye meza hiyo.

Yangu ilifunguka kwa bahati. Kijana wa mstari wa 32 alitaka mkopo wa benki, akanijia na slipu yake: "Dada, hebu nihesabie, makato yakiingia nabakiwa na ngapi?" Nilimhesabia. Kisha nikatoa slipu yangu nikaiweka pembeni ya yake. Aliangalia, akaangalia tena. "Dada, si umenikuta hapa... yaani mimi nimekukuta wewe?" Nikamwomba ruhusa ya kuitaja tarakimu yake ikibidi. Alikubali, ingawa aliomba asitajwe mpaka itakapokuwa lazima, na nililiheshimu hilo.

Kama kazini kwako kuna chama kinachotambuliwa, njia ni fupi zaidi. Mwajiri anawajibika kukipa chama taarifa zinazohitajika kwa majadiliano ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Mwombe katibu wa tawi aulize ngazi za mishahara kwa kila kada, bila majina.

Barua

Mazungumzo ya koridoni hayana tarehe. Andika. Barua ya kwanza isimtaje mtu wala isitumie neno "ubaguzi", iulize vigezo. Hii ndiyo niliyoandika, nimeisafisha kidogo:

*Mimi ni karani wa mishahara tangu (mwezi na mwaka). Majukumu yangu ni kuandaa jedwali la mishahara ya wafanyakazi wote, makato ya kodi na michango ya NSSF, na kufundisha makarani wapya. Naomba kupatiwa kwa maandishi vigezo vinavyotumika kupanga mshahara wa msingi na posho za kada ya makarani, na mahali nilipo katika ngazi hizo. Naomba pia mshahara wangu upitiwe upya ili ulingane na kazi yenye thamani sawa, kama kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinavyoelekeza. Nitashukuru kupata majibu ndani ya siku 14.*

Chapa nakala mbili. Moja wagonge muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, urudi nayo nyumbani. Nyumbani, si kwenye droo ya ofisi. Ukituma kwa WhatsApp, tuma pia kwa barua pepe.

Kikaoni

Utaitwa. Nenda na mwakilishi wa chama, au mwenzako mmoja unayemwamini. Majibu utakayopewa hayana mengi mapya. Mimi nimeyasikia yote, matatu nikiwa mwenyewe kwenye kiti cha moto.

"Yule ana familia, ana mke na watoto." Hili linatolewa kwa upole kabisa, kama vile ni jambo la huruma. Jibu lake ni kwamba kifungu cha 7 kinakataza kubagua kwa jinsia, kwa hali ya ndoa na kwa majukumu ya familia, na vilevile kwamba wewe nawe watoto wako hawali mawe.

"Yule alijua kuomba." Yaani alipoulizwa anataka ngapi alitaja kubwa. Inawezekana ni kweli. Lakini kujua kuomba hakuongezi thamani ya kazi, na wewe sasa ndiyo unaomba.

"Wewe ulikuwa likizo ya uzazi nyongeza ilipotolewa." Hili usiliache lipite. Siku 84 za uzazi, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, ni likizo ya malipo ndani ya ajira ileile. Uliza nyongeza ilitolewa kwa kigezo gani, na kwa nini kigezo hicho kilikuruka.

"Tutaliangalia kwenye bajeti." Uliza bajeti ipi na mwezi gani. Jioni ileile tuma barua pepe: "Kama tulivyozungumza leo, mmesema..." Asipoikanusha, imekuwa kumbukumbu.

Usilie kama unaweza. Ukishindwa, lia, kisha endelea kusoma karatasi yako.

Wakikataa

Kuna afisa kazi wa eneo lako, ambaye ana mamlaka ya kukagua kumbukumbu za mwajiri, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA. Huduma yake ni bure. Mtu akikuomba "hela ya fomu", ondoka dirishani hapo utafute dirisha jingine. Unajaza Fomu Namba 1. Sehemu ya pili ya fomu ni ya walioachishwa kazi tu, usiiguse kama bado upo kazini. Nimeona mashauri yakivurugika kwa kosa hilo. Nakala unampelekea mwajiri, na unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea.

Muda ndio unaoua madai mengi. Aliyeachishwa kazi ana siku 30. Migogoro mingine ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ukichelewa kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, lakini itabidi ueleze kila siku ulikuwa wapi. Ndiyo maana nakusihi barua yako iwe na tarehe ya mwisho ya kujibiwa, na ikipita usikae ukingoja huruma.

Kwanza ni usuluhishi, ambao sheria imeupa siku 30. Mkishindwana, shauri linaendelea kwenye uamuzi au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Jambo la kukumbuka: ukishaonyesha msingi wa dai la ubaguzi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Msingi huo ndizo zile safu mbili, daftari na slipu.

Kufukuzwa? Hofu hiyo ni ya kweli. Sheria inasema kudai haki uliyopewa na sheria si sababu halali ya kuachishwa kazi. Lakini aliye chini ya miezi sita kazini hana kinga hiyo ya kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo kama bado upo kwenye miezi hiyo, andika daftari lako kimya kimya.

Kalamu yako usiikimbize

Mimi sikufika CMA. Wiki ya tatu baada ya barua niliitwa, nikakuta karatasi imeshachapwa: cheo kipya cha karani mwandamizi, msingi 600,000, na sentensi moja chini kwamba sina dai lingine lolote kwa kipindi kilichopita. Nilifurahi. Nilisaini palepale nimesimama, kalamu ya meneja. Ile 1,120,000 ikaishia hapo. Wewe ukipewa karatasi, sema "naomba nikaisome nyumbani", hata kama inakupa mbingu. Hesabu malimbikizo kwanza, na uulize kama tarakimu hiyo imemeza nyongeza ya mwaka.

Maana yangu ilikuwa imeimeza. Nyongeza ya mwaka ule ilikuwa asilimia 5 kwa kila mtu. Bila barua yoyote ningefika 567,000. Kwa hiyo kilio chote kile kiliniletea 33,000. Nililijua hilo tarehe 20, nilipofungua jedwali na kuingiza mishahara mipya. Mstari wa 31, 600,000. Nikashuka mmoja. Mstari wa 32, 651,000.